Kusikiliza mguu wa mende: shajara ya amplifaya ya neva

Mradi ni kutengeneza amplifaya, yaani kifaa cha kukuza umeme mdogo, ya kusikiliza mishipa ya fahamu ikifanya kazi, kwa vipuri vya fundi redio, kwa bei ambayo klabu ya sayansi ya shule ya kata inaweza kuchangishana. Vifaa vya namna hii vinauzwa. Backyard Brains wa Marekani wana chao kiitwacho SpikerBox, na wazo la kutumia mguu wa mende tumelitoa kwao. Ila kukiagiza mpaka Iringa, ulipie na usafiri na ushuru, ni hela ambayo klabu haina. Nitaandika kila hatua inapokamilika, na bei zake, ili anayetaka kutengeneza chake aanzie tulipofikia.

8 Februari 2025: Tunatafuta nini

Seli ya neva ikiwa imetulia, umeme wa ndani yake uko chini ya ule wa nje kwa takriban milivolti 70. Tofauti hiyo inagharimiwa. Kwenye utando wa seli zipo pampu zinazotoa nje sodiamu tatu kwa kila potasiamu mbili zinazoingia, usiku na mchana. Seli ikiguswa vya kutosha, milango ya sodiamu kwenye utando inafunguka, sodiamu inamiminika ndani na volti inaruka juu. Milango hiyo inajifunga yenyewe, ya potasiamu inafunguka, volti inashuka. Shughuli yote huchukua kama milisekunde moja, na kabla haijaisha sehemu ya jirani kwenye akzoni, ule uzi mrefu wa seli, imeshaamshwa nayo. Ndivyo pigo linavyosafiri.

Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliyapata haya kwa ngisi, kwa kuwa ngisi ana akzoni nene inayoweza kukaribia milimita nzima, wakaweza kupenyeza elektrodi ndani kwa ndani. Makala zao kubwa zilitoka 1952 na Nobel ikafuata 1963. Sisi kuingia ndani ya akzoni ya mende hatuwezi. Tutabaki nje na pini za kushonea, na huko nje pigo hupungua hadi kuwa mikrovolti makumi au mamia machache. Betri ya saa ya ukutani ni volti 1.5, yaani mara elfu kumi na tano ya pigo la mikrovolti 100. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni ya umeme. Biolojia itasubiri.

Kwa nini mende: kwenye muundi wa mguu wake kuna miiba inayoonekana kwa macho, na kwenye shina la kila mwiba ipo nyuroni, yaani seli ya neva, moja ya kuhisi mguso. Ukitikisa mwiba, nyuroni hiyo inapiga. Anayefaa ni yule mkubwa mwekundu wa chooni, Periplaneta americana. Wale wadogo wa kabatini wana miguu midogo mno kwa pini zetu.

22 Februari: Bodi ya kwanza imegoma

Tulichonunua kwenye duka la vipuri mjini: aisii (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) TL074 kwa Sh 2,500, aisii LM386 ya spika Sh 1,500, betri mbili za volti 9 Sh 6,000, rezista na kapasita za kuchanganya Sh 5,000, ubao wa matundu Sh 2,000, waya wa maiki wenye skrini mita moja Sh 1,500, pakiti ya pini Sh 1,000. Spika tumeing'oa kwenye redio mbovu ya Fundi, fundi redio anayetusaidia. Jumla Sh 19,500.

Ndani ya TL074 mna amplifaya nne. Tatu tumeziunganisha zipime tofauti kati ya pini mbili na kutupa chochote kinachofanana kwenye pini zote. Ya nne inachuja na kukuza tena. Betri mbili zinafuatana, na pale zinapokutana ndipo ethi ya bodi, yaani sifuri ambayo volti nyingine zote zinapimwa kutoka hapo. Pini ya tatu inakwenda hapo. Usiiache hiyo pini ya tatu, maana bila yake volti za kuingilia zinaelea na tokeo la bodi linakwama kwenye kikomo cha betri.

Tulipowasha, tokeo liligandia karibu na volti 8 likakataa kushuka. Aisii ilikuwa nzima. Shida ilianza kwenye metali: pini moja ilikuwa ya chuma, nyingine tulitengeneza kwa kipande cha waya wa shaba, na metali mbili tofauti kwenye unyevu wa chumvi zinatengeneza volti yao wenyewe. Milivolti makumi kadhaa hizo zilikuwa zinazidishwa mara 201, kwa sababu rezista ya kupangia ukuzaji wa hatua ya kwanza tuliweka ya omu 100. Hesabu inapita uwezo wa betri.

Marekebisho ni mawili. Pini zote zitoke pakiti moja. Halafu ukuzaji wa kwanza ushuke: rezista mbili za 10k na ile ya katikati iwe 1k, inatoa mara 21. Ukuzaji uliobaki unafanywa baada ya kapasita, ambayo haipitishi volti iliyotulia. Hatua ya pili ina nanofaradi 220 ikifuatana na 2.2k kwenye mlango wa kuingilia, na 100k sambamba na pikofaradi 470 kwenye njia ya kurudi. Hapo kinachopita ni kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 330 hadi 3,400 hivi, kikikuzwa mara 45. Kwa jumla ni mara 950 na ushee. Mikrovolti 100 zinatoka zikiwa milivolti 95, na hizo spika inazimudu.

1 Machi: Mngurumo

Bodi inafanya kazi, ila inachokuza ni umeme wa nyumba. Mngurumo umejaa chumba kizima. Ukisogeza mkono unaongezeka, ukishika waya ndiyo kabisa. Tulikuwa tumeshaanza kuilaumu TL074 ndipo umeme ukakatika mtaani. Spika ikanyamaza papo hapo, ikabaki ile hewa ya aisii, mvumo wake mwembamba, peke yake. Fundi akacheka: "Mwalimu, bodi haina kosa. Ni nyumba ndiyo inaongea."

Kuanzia hapo tukawa na kipimo: kila tunachobadilisha tunalinganisha na ukimya wa siku ile. Kilichosaidia kuliko vyote kilitushangaza, maana hakikuwa kopo wala waya. Kilikuwa rezista. Amplifaya ya tofauti inafuta mngurumo kwa kutoa pini moja kwenye nyingine, na utoaji huo unakuwa safi iwapo tu rezista nne za hatua ile zinalingana. Tulizonunua ni za asilimia 5. Kwenye mfuko mmoja tulikuta 10k inayosoma 9.7 na mwenzake anasoma 10.3. Fundi alikaa na mita akachambua mpaka akapata nne zinazolingana hadi tarakimu ya tatu. Mngurumo ulipungua ukawa wa kuvumilika kabla hatujagusa kitu kingine. Ukipata za asilimia 1, nunua hizo tu. Bei inazidi kidogo sana.

Mengine kwa ufupi. Bodi na mguu vinakaa ndani ya kopo la biskuti lililounganishwa na ethi ya bodi, si ethi ya soketi ya ukutani. Taa ya tyubu inazimwa. Chaja zote zinachomolewa, hata ile ya chumba cha pili kama ukuta ni mmoja. Na simu iwekwe hali ya ndege: ule mkoromo wa vipande-vipande unaoingia kwenye spika ni simu ikiongea na mnara kwa mafungu 217 kila sekunde, na hezi 217 kichujio chetu hakiikati yote.

15 Machi: Mguu umesema

Mende anawekwa kwenye maji yenye barafu mpaka aache kutikisika, dakika chache tu. Mguu wa nyuma unakatwa kwa mkasi mdogo karibu na mwili. Mende mwenyewe akipata joto anaamka na kuondoka na mitano iliyobaki. Akiwa bado mdogo, mguu unaota upya anapoambua gamba, lakini aliyekomaa haambui tena na haoti tena. Tulimweleza hivyo mwanafunzi mmoja aliyesita kukata, akachagua mdogo.

Mguu unalazwa juu ya kizibo cha chupa. Pini moja inapenya paja, ya pili sehemu ya nyonga, ya ethi inapita pembeni kabisa ya nyonga. Usipige pini katikati ya paja kwa nguvu, utaikata neva yenyewe, na mguu uliokatwa neva unanyamaza mazima. Ingiza ukielekea ukingoni, mpaka usikie ganda linaachia.

Mwanzoni ilisikika hewa tu. Kisha mwanafunzi aliyekuwa ameshika njiti ya ufagio akaugusa mwiba mmoja, na spika ikatoa mlio wa bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Akaacha, zikaisha. Akagusa tena. Alipopuliza mguu kwa mdomo zilimiminika kwa pamoja, kwa sababu mguuni kuna vinyweleo vingi vinavyohisi upepo, na kila kimoja kina nyuroni yake.

Mguu uliokatwa unaendelea kujibu kwa saa moja na zaidi kama haukauki. Paka tone la maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita moja, kwenye sehemu iliyokatwa. Watoto waliuliza kama mguu unaumia. Jibu nililowapa ni kwamba kinachosikika ni taarifa ikiondoka mguuni. Maumivu yangehitaji mahali pa kuipokea, na mguu huu hauunganiki tena na chochote.

29 Machi: Simu inadanganya

Hii imetula muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Tulitaka kurekodi. Simu haikuitambua bodi kama maiki. Inataka ione ukinzani kati ya waya wa maiki na ethi, vinginevyo inaendelea kutumia maiki yake ya ndani. Rezista ya 2.2k hapo ikaimaliza hiyo. Tukaweka na kapasita, na mgawanyo wa kupunguza tokeo mara mia, kwa kuwa maiki ya simu inategemea milivolti chache tu.

Mchoro ukaja kwenye kioo, mzuri, wenye mapigo yanayosimama wima. Ila haukukubaliana na kile vitabu vinachosema tangu Edgar Adrian. Mwaka 1926, Cambridge, yeye na Yngve Zotterman walirekodi nyuzi moja-moja za neva kwenye msuli wa chura na kuonyesha kwamba pigo ama linatokea kamili ama halitokei. Ukubwa wake haubadiliki kwa sababu msuli umevutwa zaidi. Kwetu, mguso wa kwanza baada ya kimya ulitoa mapigo marefu, yaliyofuata yakawa mafupi, na ukisubiri yanarefuka tena. Wanafunzi wawili waliandika kwa kujiamini kabisa kwamba neva inachoka.

Neva huchoka, lakini si hivi. Tukatengeneza pigo la bandia lisilochoka: betri ya volti 1.5, rezista ya omu milioni moja, na nyingine ya omu 100 kwenda ethi. Kwenye ile ya omu 100 unapata mikrovolti 150, na ukigusisha waya kwa mkono kila mara ni zilezile 150. Tukaziingiza bodini badala ya mguu. Baada ya kimya, simu iliziandika ndefu. Tukaingiza kelele kidogo kwenye mlango wa kuingilia wa bodi, tukagusisha tena: fupi. Betri haichoki kwa sekunde mbili. Ni simu ndiyo iliyokuwa inapandisha na kushusha sauti yenyewe, kama ilivyotengenezewa mazungumzo ya watu, ili anayenong'ona na anayepayuka wasikike sawa.

Tumehamia kompyuta ya mkononi ya zamani inayoendeshwa kwa betri yake, tukazima marekebisho yote ya maiki kwenye mipangilio, tunarekodi kwa programu ya Audacity. Pigo la bandia sasa linatoka na kimo kilekile liwe la kwanza au la mwisho. Mguu nao ukafuata. Mapigo yakabaki ya vimo viwili, virefu na vifupi, bila kitu cha katikati, na kila kimo kikishikilia palepale. Hizo ni nyuroni mbili. Akzoni nene, au iliyo karibu na pini, inatoa alama kubwa zaidi nje. Tukavunja mwiba mmoja kwa kibanio, virefu vikatoweka, vifupi vikabaki.

Kile kisanduku cha pigo la bandia kiligharimu Sh 1,200 pamoja na betri. Kitengenezwe siku ya kwanza, kabla hata ya kumtafuta mende.

3 Mei: Idadi, si kimo

Kama pigo ni lilelile siku zote, mguu unasemaje kwamba umeguswa kwa nguvu? Njiti ikishikwa kwa mkono haipimiki, kwa hiyo tumetumia bolti ya milimita 6, ambayo mzunguko mmoja unaisogeza milimita moja kamili. Tumeifunga kwenye kipande cha mbao ili ncha yake isukume mwiba. Robo ya mzunguko ni robo milimita.

Robo ya kwanza ilitoa mapigo machache yaliyoachana. Nusu yakaongezeka. Robo tatu yakabanana mpaka kwenye spika yanasikika mkwaruzo mmoja, lakini ukiukuza mchoro kwenye kioo unayaona yametengana, kila moja na kimo chake kilekile. Adrian alipata Nobel ya 1932 pamoja na Charles Sherrington kwa kazi ya aina hii, na yeye alikuwa na amplifaya ya valvu za kioo.

Ukiiacha bolti imekaa bila kuzungusha, mapigo yanapungua ndani ya sekunde moja hivi na kuwa ya hapa na pale, ingawa mwiba bado umesukumwa. Neva hii inapeleka zaidi habari za kinachobadilika. Mwanafunzi mmoja akavua saa, akaivaa tena, akatangaza kwamba naye ni mende.

Tatizo la bolti: kuizungusha kwa bisibisi kunatikisa meza nzima, na mtikisiko unaingia kama mguso. Sponji ya godoro chini ya kizibo imepunguza, haijamaliza.

31 Mei: Pareto, mara ya kwanza

Mzazi mmoja analima pareto Mufindi, akatuletea mfuko wa maua makavu. Kila mtu hapa anajua pareto inaua wadudu. Tulitaka kusikia inavyoua.

Piretrini, dawa iliyomo kwenye ua, inafanya kazi palepale tulipoanzia, kwenye mlango wa sodiamu. Inauzuia usijifunge kwa wakati. Pigo moja likishapita, mlango uliobaki wazi unaendelea kuingiza sodiamu, na nyuroni inapiga tena na tena bila kuguswa, mpaka mwisho inashindwa kurudi chini na kukwama.

Tulitwanga maua, tukayaloweka kwenye spiriti, tukachuja kwa kitambaa, tukaweka tone kwenye sehemu iliyokatwa. Mguu ulinyamaza karibu mara moja, bila ule mlipuko wa mapigo uliotarajiwa. Shangwe ilikuwa kubwa. Kisha tukaweka tone la spiriti tupu kwenye mguu mwingine, na wenyewe ukanyamaza vivyo hivyo. Jaribio zima lilikuwa limepima spiriti.

21 Juni: Pareto, mara ya pili

Sasa tone moja la mchuzi wa pareto linaingia kwenye matone zaidi ya mia ya maji ya chumvi, na kwenye kikombe cha pili spiriti tupu kwa kiasi kilekile. Mwanafunzi anayeweka tone haambiwi kikombe kipi ni kipi. Kikombe cha spiriti hakikubadilisha kitu. Tatizo ni kwamba na cha pareto hakikubadilisha kitu.

Chupa ilikuwa imekaa dirishani tangu Mei, chupa nyeupe, kwenye jua la Iringa. Piretrini inavunjwa na mwanga. Ndiyo sababu haidumu shambani na ndiyo sababu inapendwa na wanaoogopa sumu kubaki kwenye mboga. Tumeloweka upya, chupa imefungwa kwa karatasi ya aluminiamu na kuwekwa kabatini.

Mchuzi mpya ulianza kufanya kazi baada ya dakika kadhaa. Ukigusa mwiba mara moja na kuondoa njiti, mapigo hayaishi. Yanaendelea yenyewe, mfululizo, yanapumua kidogo, yanarudi. Ukiugusa tena yanaongezeka. Baada ya hapo vimo vikaanza kushuka, kwa mara ya kwanza tangu tuachane na simu, na hili tulilipima kwa pigo la bandia palepale kuhakikisha ni mguu kweli. Halafu kimya. Mguu wa spiriti tupu, uliokatwa kwa mende yuleyule, ulikuwa bado unajibu.

Asubuhi hiyo palikuwa na baridi kali, na hilo pengine lilitusaidia: piretrini ina nguvu zaidi mdudu akiwa baridi. Ni sehemu ya sababu haituui sisi. Damu yetu ni moto, milango yetu ya sodiamu haiikamati sana, na ini linaivunja haraka. Samaki hawana bahati hiyo, kwa hiyo vikombe havimwagwi mtaroni.

Kuna jambo ambalo wanafunzi walilidaka wenyewe. Dawa iliyowekwa kwenye vyandarua vyetu, kama deltamethrini na permethrini, ni ndugu wa pareto waliotengenezwa kiwandani, na shabaha yao ni mlango uleule. Mbu wengi wa malaria Afrika Mashariki wana badiliko dogo kwenye jeni ya mlango huo, kiungo kimoja tu cha protini kimebadilika, na dawa haishiki vizuri. Swali lao: je, tukimpata mende wa nyumba inayopulizwa dawa kila wiki, mguu wake utachelewa kunyamaza? Sina jibu. Wameshaanza kukusanya.

Gharama ya awamu hii: spiriti Sh 3,000, betri mpya Sh 6,000. Maua bure.

5 Julai: Mkono wa mtu

Fupi, kwa kuwa kulikuwa na kikwazo kimoja tu. Stika za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kutoka duka la vifaa tiba, Sh 500 kila moja, mbili juu ya msuli wa kigasha na ya ethi kwenye kiwiko. Umeme wa msuli ni mkubwa kuliko wa mguu wa mende lakini ni wa hezi za chini, na kichujio chetu kinaanzia 330, kwa hiyo tulisikia mkwaruzo hafifu tu. Tulipobadilisha ile nanofaradi 220 kwa mikrofaradi 4.7 mngurumo wa nyumba ukarudi wote. Mikrofaradi 1, inayoanzia kama hezi 72, ndiyo iliyopatana na pande zote.

Ukikunja ngumi taratibu unasikia mapigo machache ya polepole, kila moja ni nyuroni moja ya uti wa mgongo ikiamrisha kundi lake la nyuzi za msuli. Ukikaza, makundi mengine yanaingia, na yale ya kwanza yanaharakisha.

Usalama: bodi kwa betri, kompyuta kwa betri, chaja imechomolewa. Mtu akiwa na stika mwilini, hakuna kitu chochote kinachogusa soketi.

16 Agosti: Mwendo

Hermann von Helmholtz mwaka 1850 alipima mwendo wa pigo kwenye neva ya chura na kupata kama mita 27 kwa sekunde, wakati wengi waliamini haupimiki. Sisi tumetumia nyungunyungu, ambaye ana nyuzi nene zinazopita urefu wote wa mwili wake. Ukigusa kichwa inapiga ya katikati, ukigusa mkia zinapiga za pembeni.

Inahitajika bodi ya pili, kwa Sh 11,000 maana spika na LM386 hazikuhitajika, na kompyuta yenye mlango wa sauti wa stirio. Nyungunyungu analegezwa kwenye pombe kali ya dukani iliyozimuliwa hadi asilimia kama 10, anasuuzwa, analazwa kwenye ubao, jozi mbili za pini zikiachana milimita 40.

Majibu ya kwanza yalitoa mwendo mmoja kutoka kichwani na mwingine usioingia akilini kutoka mkiani, mara nyingine pigo likifika kabla ya kuondoka. Pigo la bandia likatuokoa tena: tuliliingiza bodi zote mbili kwa wakati mmoja, na kwenye kioo moja likachelewa. Kapasita za kichujio za bodi mbili hazikulingana, na kichujio kisicholingana kinachelewesha kwa kiasi tofauti. Fundi akarudi kwenye mita yake. Sasa bodi zinatofautiana kwa sampuli moja au mbili, na kwa kurekodi sampuli 44,100 kila sekunde hiyo ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya milisekunde.

Kutoka kichwani, mapigo yanachukua milisekunde 3.2 hadi 3.7 kupita milimita 40: mita 11 hadi 12.5 kwa sekunde. Kutoka mkiani ni polepole zaidi, karibu nusu ya hapo, kama inavyotegemewa kwa nyuzi nyembamba. Nyuzi zetu za kasi, zilizofunikwa na mayelini, gamba la mafuta, zinazidi mita 100 kwa sekunde. Zile nyembamba zisizofunikwa, zinazobeba maumivu ya kuvuta, ziko kati ya nusu mita na mbili, na ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu unajua kwanza umejigonga, maumivu yenyewe yanafika baadaye.

Jumla mpaka leo, pamoja na stika tisa na kisanduku cha pigo la bandia, ni Sh 45,200. Atakayeijenga bodi sasa asifuate tulivyonunua Februari: aanze na rezista za asilimia 1 na kisanduku kile, na anunue betri za kuchaji, maana LM386 inazila hizi za kawaida haraka. Pareto inarudiwa Septemba, kwa mende wa nyumba mbili tofauti.